Fundi Asiyeitikia Salamu

Kisa cha mjadala huu ni salamu iliyopotea. Katika kijiji cha Kanga, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, pale ambapo njia itokayo Kilindoni na kupitia Kirongwe huendelea hadi Bweni na mnara wa taa wa Ras Mkumbi, mwalimu mmoja mstaafu alipita alasiri mbele ya baraza la nyumba, akatoa salamu kamili kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita majina ya darasa zima, na mtu aliyeketi pale, mzaliwa wa kijiji hicho hicho na mwenye akili zake timamu, akaendelea kutabasamu peke yake huku akitazama minazi, wala asijibu neno. Watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo: kutoa salamu ni sunna, kuijibu ni faradhi, na asiyejibu aghalabu huwa ama mgonjwa ama mwenye kinyongo. Mtu huyu hakuwa mgonjwa wala hakuwa na kinyongo. Alikuwa na vipande viwili vya plastiki nyeupe, kila kimoja kadiri ya kokwa ya tende, vilivyomziba masikio.

Nitamwita Fundi, maana ndivyo alivyo. Ameandika programu za kompyuta Dar es Salaam kwa miaka zaidi ya 30, na kila ajapo kwao likizo huja na mfuko mdogo wa nguo na shehena kubwa ya maneno aliyoyapakia katika simu: mazungumzo ya watu wa kazi yake walio Marekani, Ujerumani na kwingineko, yaitwayo podikasti, ambayo yeye huyasikiliza akitembea, akipika chai, akingoja chombo, na, kama ilivyodhihirika, akipitiwa na mwalimu wake. Ilipokwisha sala ya alasiri kesi ilikuwa imekwisha fika barazani. Alikuwapo Mwalimu mwenyewe, mdai. Alikuwapo Nahodha, mjomba wake Fundi, ambaye magoti yamemtoa baharini lakini ulimi haujatoka. Alikuwapo Binti, mtoto wa kaka yake Fundi, naye ni mwandishi wa programu wa kizazi kipya. Na kando, juu ya jamvi, alikuwapo Bi Mkubwa, mke wa Nahodha, akisuka ukili, vidole vikienda mbio na macho yakiwa kwingine. Mimi nilikuwa mgeni, nimepewa kahawa na ruhusa ya kuandika.

MWALIMU: Mwanangu, sikushitaki kwa ajili ya nafsi yangu. Mimi ndimi niliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza, na salamu yako moja ikinipotea mali yangu haipungui. Ninalolishitaki ni hilo sikio. Mwenyezi Mungu alimpa binadamu kope za kufumbia macho na midomo ya kuufungia ulimi, walakini masikio aliyaacha wazi usiku na mchana, na mimi naamini hekima yake ni kwamba jirani asihitaji idhini ili asikike. Wewe umejitengenezea kope za masikio. Mkwezi akianguka, mtoto akilia kisimani, mwadhini akiadhini, wewe uko Marekani. Na huko umefuata nini? Umefuata watu wanaozungumza juu ya kazi! Mtu aliyechoka na jembe hapumziki kwa kusikiliza hekaya za majembe.

FUNDI: Kwa salamu naomba radhi, Mwalimu, wala sina hoja ya kujitetea, nimekosa. Kwa yaliyosalia nipe nafasi. Zamani hizo ulikuwa na redio nyumbani kwako, na sisi wanafunzi tulikuwa tukijibanza dirishani kusikiliza Pwagu na Pwaguzi kutoka Radio Tanzania, na ilipofika saa ya taarifa ya habari hata kuku hakuthubutu kupita mbele yako. Pwani hii imezoea kusikiliza sauti za ghaibu tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipofuata mwaka 1957. Mimi sikuleta bidaa. Tofauti ni kwamba redio ilikuwa na saa yake, ukichelewa umechelewa, nayo ilisema na kila mtu. Lakini podikasti, jina lililozuka mwaka 2004 katika gazeti la Guardian la Uingereza kwa kalamu ya Ben Hammersley, hukaa mfukoni ikikungoja, na mara nyingi husema na watu wa kazi moja tu.

Na hiyo kazi moja ndiyo iliyonifanya nizibe masikio. Mjomba aliporudi safari alikuta manahodha wenziwe ufukoni. Seremala wa madau ana seremala mwenziwe wa kumcheka akipinda ubao vibaya. Mimi je? Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kompyuta kuingizwa nchini, na marufuku ilipolegea, sisi tulioingia katika kazi hii tuliikuta haina wazee. Nilikaa miaka mingi katika ofisi ambazo kitu pekee kilichoifahamu taabu yangu kilikuwa ile mashine, nayo ndiyo iliyoileta. Nikirudi nyumbani nikasema kwamba leo nimeshindana na hitilafu kutwa nzima, mke wangu huniuliza kama nimekula. Hata siku moja nikawasikia watu wa Software Engineering Radio, kipindi kilichoanzia Ujerumani mwaka 2006, wakijadiliana kwa muda wa saa nzima juu ya jambo ambalo mimi nilidhani ni ugonjwa wangu peke yangu. Nilikuwa kituoni Ubungo. Niliacha daladala mbili zikapita.

NAHODHA: Mpwa wangu, kabla sijakaa upande wowote nataka kujua jambo moja. Hao watu wako, wanapozungumza, husimulia safari zilizofika salama au zilizozama?

FUNDI: Zilizozama, mjomba. Zilizofika hazina kipindi.

NAHODHA: Basi hao ni watu. Mwalimu, mimi nimekaa barazani hapa miaka mingi, sijapata kumsikia nahodha akisimulia kwamba aliondoka Kilindoni na nazi zake, akafika Dar es Salaam, akazishusha, akarudi. Hilo si neno la kumpotezea mtu kahawa. Husimuliwa tanga lililochanika na fungu lisilokuwapo mwaka jana. Na mtu akiniambia kwamba yeye hajapata kupanda mwamba, simpi chombo changu. Ama hajasafiri, ama ni mwongo, na yote mawili husikika katika sauti kabla hajamaliza maneno. Haya, tusimulie moja.

FUNDI: Nitakupa ambayo haijazama bado, ila mwamba umekwisha onekana. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, zikianzia usiku wa manane wa Greenwich wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, ambapo hapa Mafia ilikuwa saa 9 za usiku. Zile za namna ya zamani zimepewa chombo chenye nafasi 32 tu cha kutilia hesabu hiyo, na chombo kitajaa pomoni tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu itakuwa saa 12 na dakika 14 za asubuhi, watu wakitoka kuangalia mitego. Sekunde itakayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani kwamba dunia imerudi Desemba 1901.

Bi Mkubwa aliguna. Alisema kwamba mwaka huo wa 1901 hata mama yake hajazaliwa, na kwamba angependa kuiona hiyo mashine ikijieleza. Lakini Nahodha hakucheka. Alinyoosha mguu wake mbovu, akanyamaza kidogo, akasema jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilistahiki kusikiwa na hao Wajerumani.

NAHODHA: Sisi nasi tulikuwa na hesabu ya namna hiyo. Hesabu ya Nairuzi ni mwaka wa siku 365, umekatwa miongo, kila mwongo siku kumi, na kila mwongo una habari yake: hapa pepo zitageuka, hapa vuli itaanguka, hapa usitweke. Ilimu nzuri sana, nami nilirithishwa na babu yangu kwa kichwa. Lakini hesabu hiyo haina ile siku ya ziada ambayo Wazungu huitia katika Februari, kwa hiyo kila miaka 4 hulitangulia jua kwa siku moja. Siku moja nani atakayeiona? Lakini piga hesabu, Mwalimu: katika miaka 40 ni siku kumi, mwongo mzima. Nilipokuwa kijana nilitweka kwa mwongo wa babu yangu kama alivyoniambia neno kwa neno, na kusi ikanipokea kana kwamba ilikuwa ikinidai. Babu hakusema uongo. Mimi sikukosea kuhesabu. Hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa imetembea tukiwa tumelala.

FUNDI: Mjomba! Hiyo ndiyo! Hiyo hasa ndiyo ambayo huwa nikiisikia!

Nakiri kwamba kwa muda mfupi niliiona kesi imekwisha na Mwalimu ameshindwa. Lakini Binti, ambaye alikuwa kimya kwa adabu mpaka wazee watangulie, aliomba kusema, na alipoanza alisema kama mtu aliyekuwa na hoja yake tumboni muda mrefu.

BINTI: Ami, mimi nafanya kazi ile ile uifanyayo wewe, na podikasti hizo nimezisikiliza kwa bando langu mwenyewe. Niliacha. Sikuacha kwa sababu aliyoitoa Mwalimu. Niliacha kwa sababu maisha wanayoyaeleza si maisha yangu. Mtu akibonyeza *150*00# ili atume fedha kwa M-Pesa, ile orodha inayomjia ni kazi ya mtu kama mimi, na orodha hiyo haiwezi kuzidi herufi 182, pamoja na nafasi zilizo wazi. Kiingereza husema neno moja fupi, basi. Kiswahili kinataka kumwambia mteja kwamba amefanikiwa kumtumia fulani kiasi fulani, na kabla hujamaliza adabu herufi zimekwisha. Nimekaa usiku nikipima kama niondoe neno “tafadhali” au jina la mpokeaji. Kazi hiyo hupita katika mikono ya mamilioni ya watu wa nchi hii wenye simu za vitufe, na katika saa zote nilizosikiliza sikumsikia hata mmoja akiigusa.

Wao husema juu ya wingu. Kila kitu kimewekwa katika wingu! Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua hapa hapa Mafia tarehe 4, na tarehe 12, kwa sababu nyingine kabisa, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kuombea dua. Ndipo nilipojua kwamba wingu lao limefungwa kwa kamba, na kamba imelala juu ya mchanga. Kisha, kila dakika kumi, mazungumzo hukatwa ili mtu atuuzie godoro.

FUNDI: Wiki hiyo ya nyaya mimi nilikuwa na vipindi 11 vimekwisha pakuliwa. Vilikuwa kitu pekee katika simu yangu kilichofanya kazi.

BINTI: Ndiyo, ami, na ulipovisikiliza, nani alikusikia wewe? Barazani hapa babu akisema uongo Mwalimu humkata kauli. Huko husemi, husahihishi, huulizi. Wewe si mwenzao. Wewe ni mpita njia aliyesimama dirishani, kama ulivyosimama dirishani kwa Mwalimu.

Hoja hiyo ilikuwa kali, na niliona imemwingia. Fundi alivichukua vile vipande vyake vya plastiki akavigeuzageuza kiganjani kama mtu anayetazama kama kauziwa vibovu. Alipojibu alikuwa ameacha kutetea.

FUNDI: Ni kweli kwamba hawanisikii. Steve Gibson na Leo Laporte wamekuwa wakizungumza juu ya usalama wa kompyuta tangu mwaka 2005, wamevuka vipindi 1000, nami nimekuwa nao katika misiba na harusi, na wao hawajui kwamba niko hai. Lakini, mwanangu, nataka uniamini kwamba sisikilizi ili nijifunze. Kama ningetaka kujifunza ningesoma. Kusoma ni haraka zaidi. Nasikiliza kwa sababu napenda namna mtu wa kazi anavyovuta pumzi kabla hajasema pale alipokosea. Kuna mtu alikuwa akieleza jinsi alivyofuta hazina nzima ya kumbukumbu za wateja wake, na kabla ya neno “nikafuta” alinyamaza kiasi cha kumeza mate. Mimi nilikuwa jikoni. Nilikaa chini. Mwaka mmoja, katika ofisi nisiyoitaja, nilifanya kosa lile lile, usiku, peke yangu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia mpaka asubuhi.

Ulikuwa ukimya wa namna hiyo ambao Bi Mkubwa aliuvunja, pasipo kuinua macho.

BI MKUBWA: Mwanangu, katika hao wote, umepata kusikia habari ya mwanamke yeyote?

FUNDI: Nimepata, mama, na naona ni habari yako wewe. Wamarekani walipopeleka watu mwezini, mwaka 1969, chombo chao kilikuwa na kompyuta, na programu ya kompyuta hiyo haikuandikwa tu, ilisukwa. Walikuwa na vipete vidogo vya sumaku, maelfu, na waya mwembamba wa shaba. Waya ukipita ndani ya kipete, hiyo ni moja. Ukipita nje, hiyo ni sifuri. Maneno 36,864 ya mashine yalisukwa hivyo, na waliosuka walikuwa wanawake wa kiwanda cha Raytheon, huko Waltham, Massachusetts, wameketi wakielekeana, sindano ikipita kwa huyu na kurudi kwa huyu.

Kwa mara ya kwanza alasiri ile mikono ya Bi Mkubwa ilisimama. Aliutazama ukili wake, uliokuwa umefikia kiasi cha pima mbili na kujiviringa miguuni pake.

BI MKUBWA: Na aliyekosea?

FUNDI: Alifumua. Kwa hiyo programu ilibidi iwe imekamilika miezi kabla ya safari. Ikishasukwa haibadilishwi kwa urahisi.

BI MKUBWA: Afadhali wao, wana aliyewapangia njia ya waya. Mimi mwaa mmoja mwekundu ukikosa zamu yake, kosa silioni hapa. Huliona siku ya kuunga mkeka, limejirudia toka juu hata chini, na hapo nimekwisha suka wiki tatu. Na hao wanawake kazi yao iliitwaje?

FUNDI: Wahandisi waliiita... waliiita kumbukumbu ya vibibi vizee.

BI MKUBWA: Eti!

Alicheka yeye, akacheka Binti, na Nahodha akafanya uungwana wa kutazama upande wa bahari.

BI MKUBWA: Na katika hicho kipindi ulichokisikiliza, wenyewe walisema?

FUNDI: Katika kipindi nilichokisikia mimi, mama, walisemewa.

Alirudi kwenye ukili wake bila ya kuongeza neno, na nadhani kila mmoja pale aliona kwamba hoja ya Binti imesukwa tena kwa uzi ulio bora. Mwalimu ndiye aliyeiokota, nami nilistaajabu, maana alikuja kama mdai akaondoka upande ambao hata yeye hakuutazamia.

MWALIMU: Kusemewa tunakujua hapa. Mwaka 1965 alikuja kijijini mwanamke wa Kiingereza, Pat Caplan, msomi wa desturi za watu, akakaa nasi, akarudi tena na tena kwa miaka mingi, akisikiliza. Alisikiliza vizuri, sina la kumtia ila. Mwaka 1997 kikatoka London kitabu chake, kimejaa maisha ya mtu wa kijiji hiki, safari zake, ndoa zake, mashetani yake, kwa maneno yake mwenyewe, lakini kwa Kiingereza. Kwa hiyo iko Kanga inayosomwa Ulaya ambayo mkwezi wa Kanga haisomi. Sisemi ni dhuluma. Nasema tu kwamba tumekwisha kuwa upande wa pili wa sikio, na kwamba aliyezoea kusikilizwa na wa mbali humwonea wivu jirani yake anapomsikiliza wa mbali. Pengine leo nilikasirika kwa wivu. Lakini salamu ni salamu.

FUNDI: Waalaikum salaam, Mwalimu. Imechelewa.

MWALIMU: Imefika.

Jua lilikuwa limeshuka kati ya minazi, na kwa desturi ya baraza mjadala ungeishia hapo, pasipo mshindi. Ni Nahodha aliyeurefusha. Alinyoosha mkono, akataka kimoja katika vile vipande vya plastiki, akakitia sikioni kwa tahadhari ya mtu anayeingiza chombo katika mlango asioujua. Kiingereza chake ni cha bandarini, majina ya mizigo na matusi mawili. Fundi alikiachilia kipindi kilipokuwa kimekatizwa alasiri ile, na mzee akafumba macho, akasikiliza, kinywa wazi kidogo, kwa muda mrefu kiasi kwamba kahawa yangu ilipoa.

NAHODHA: Wako wawili.

FUNDI: Wako wawili, mjomba.

NAHODHA: Huyu anayesema sasa, mwongo.

Fundi alikitia sikioni kipande cha pili, akasikiliza, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo ya baraza: mtu yule alikuwa akisoma tangazo la magodoro.

BINTI: Na yule mwingine, babu, aliyetangulia?

NAHODHA: Yule amekwisha zama mara moja. Mwambie arudi. Ongeza sauti.